Shela Haifuti Jinai



Leo hatuna rangi za shela wala mitindo ya hina. Tuna jambo zito, nalo linatuhusu sote tunaokula kwa harusi za watu: mafundi, wapambaji, wapishi, wapaka hina na masomo.

Hapa Zanzibar kila mtu analijua. Mtoto wa kike anaharibiwa na jirani, na jamaa, au na mtu aliyepewa dhamana ya kumfundisha. Wazee wanaitana, mlango unafungwa. Anayesema "twende polisi" anaambiwa ana kiherehere, anataka kuivua nguo familia. Mwisho hutolewa pesa kidogo, au yule aliyefanya uovu huambiwa amuoe mtoto mambo yaishe. Baada ya hapo hutafutwa fundi wa kushona haraka haraka, na udi ukafukizwa juu ya jinai.

Sisi tunasema: harusi ya namna hiyo hatuishonei. Na tunawaomba wenzetu wote wa kazi hii waseme hivyo hivyo, kwa sababu harusi ya kuficha uovu haiwezi kufanyika bila mikono yetu.

Tutaambiwa dini imetuhimiza sitara. Kweli, imetuhimiza. Lakini sitara ni ya mja aliyeteleza baina yake na Mola wake, akajuta. Kumuumiza mtoto ni dhulma, na dhulma ni haki ya mja. Toba yake haikamiliki mpaka mwenye haki apate haki yake. Sasa mwenye haki hapa ni nani? Si baba, si ami, wala si mzee wa mtaa. Ni mtoto. Hao waliopokea pesa na kusema "tumesamehe" wamesamehe kitu kisichokuwa chao. Na Suratun Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimamie uadilifu na tutoe ushahidi hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Muhali haumo.

Na sheria nayo iko wazi. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inamhesabu mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18. Kesi ya jinai si mali ya familia. Ni Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya mshtakiwa, na ndiyo maana wazee barazani hawana uwezo wa kuifuta. Kadhi ana mamlaka yake katika ndoa, talaka na mirathi, lakini jinai si yake. Ndoa ya leo haifuti kosa la jana. Anayewadanganya kwamba akishaoa mambo yamekwisha, mwambieni hivyo bila kumuonea haya.

Na tusidhani ni wasichana tu. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanywa 2009 na kutolewa 2011 uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Kwa upande wa Zanzibar, wasichana 6 katika kila 100 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wavulana walikuwa 9 katika kila 100. Someni tena: wavulana ni wengi zaidi. Wao hawaozwi kwa siri. Wao huambiwa "wewe mwanamme, nyamaza", wakakua na jeraha hilo mpaka wakawa waume na baba za watu.

Jeraha hilo halipoi kwa kunyamaziwa. Mtoto huanza kukojoa kitandani, hula kidogo, hukataa kwenda chuoni, hushituka akiguswa. Akikua, huvaa shela akiwa na hofu hiyo hiyo. Sisi tunaopima nguo tunawaona mabibi harusi wanaokakamaa futi ikipita kifuani. Masomo, tafadhalini, msiwaite hao wajinga wala msiwalazimishe. Ulizeni kwa upole, na mkiambiwa, aminini. Na wewe bibi harusi unayesoma haya huku moyo unadunda: hukukosa kitu, heshima yako haikuondoka, na si haramu kutafuta msaada wa mshauri kabla ya ndoa.

Sasa tuseme na wenye dhamana. Mwaka 2021 ilianzishwa mahakama maalum ya kesi za udhalilishaji. Ni hatua kubwa, lakini mahakama haihukumu kesi iliyokufa mtaani, wala kesi ambayo mashahidi wamekatazwa na jamaa zao kwenda. Sheha akiletewa taarifa, kazi yake ni kuifikisha panapohusika, si kuitisha kikao cha suluhu. Chuo au skuli ikimwondoa mwalimu kimya kimya akaenda kufundisha kijiji cha pili, haijatatua kitu. Imewapelekea shari watoto wa wenzao. Wazazi tunayo haki ya kuuliza: mwalimu huyu ametoka wapi, kwa nini aliondoka, na nani anaingia darasani akiwa peke yake na mtoto? Kamati ya chuo isiyokuwa na mwanamke hata mmoja, mtoto wa kike atamwambia nani?

Likitokea, fanyeni haya. Msimwogeshe mtoto wala msifue nguo zake. Zitieni kwenye mfuko wa karatasi au kitambaa. Mpelekeni haraka Kituo cha Mkono kwa Mkono, kama kile cha Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambako daktari, polisi na mshauri wanapatikana pamoja. Msivuke saa 72, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zina muda wake. Hujui pa kuanzia? Piga 116, simu ya mtoto, ni bure. Msimhoji mtoto kila anapokuja mgeni. Mwambieni neno moja: "Tumekuamini." Kisha shikeni namba ya jalada na muifuatilie mpaka hukumu.

Wapo watakaosema tutakosa wateja. Riziki anaitoa Allah, na pesa ya kushonea dhulma hatuitaki dukani kwetu. Akija mtu na kitambaa cheupe cha kumshonea mtoto, tutamrudishia kitambaa chake, na taarifa tutaipeleka inakotakiwa.

Allah awahifadhi wanetu, na atupe ulimi wa kusema haki. Amin.