Mchezo usitoe siri ya mtoto
Mtoto wa marehemu dada yangu nimemlea tangu ana miaka 4, sasa ana 15. Alipokuwa bwenini alijaza pamba kwenye kopo la ARV, vidonge visije vikalia wenzake wakasikia. Kwa hiyo wazo la mchezo wa simu utakaomwonyesha kwamba akimeza dawa kila siku virusi vya UKIMWI hupungua hadi vipimo visivione, nalipokea kwa mikono miwili. Hapo yeye ndiye kamanda wa askari wa mwili wake; ataelewa kuliko nasaha zangu za kila usiku. Lakini simu yetu tunaitumia watu wanne! Jina la mchezo lisitaje UKIMWI, uwe na namba ya siri, uchezeke bila bando. Watengenezaji, tafadhali kaeni kwanza na vijana wenyewe pale kliniki ya ARV (CTC).