Uwanja Mpana, Lango Jembamba

Wahenga walinena kwamba kizuri hakikosi ila. Jumapili hii tuupime usemi huo kwa kuitazama klabu ya gofu ya Augusta National, katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani.

Kwa asiyeuzoea mchezo huu, gofu ni kupiga kijipira kwa fimbo mpaka kiingie katika kishimo kilicho mbali. Vishimo ni 18, na mshindi ni yule anayevimaliza kwa mapigo machache kuliko wenzake.

Mahali hapo palianza kuwa shamba. Nyumba ya klabu ilijengwa mwaka 1854, enzi ambazo utumwa ulikuwa bado halali Georgia. Baadaye familia ya Berckmans, iliyotoka Ubelgiji, ilipageuza kitalu kikubwa cha miche ya matunda na maua. Mwaka 1931, wakati uchumi wa dunia ulipokuwa umeporomoka, ekari 365 zilinunuliwa na kundi lililoongozwa na mwanasheria Bobby Jones na mfanyabiashara wa fedha Clifford Roberts. Jones alikuwa bingwa asiyecheza kwa malipo. Mwaka 1930 alitwaa mataji manne makubwa, kisha akastaafu angali na miaka 28.

Mchoraji wa uwanja alikuwa Alister MacKenzie, daktari kutoka Uingereza. Akiwa mganga wa jeshi katika vita vya Makaburu huko Afrika Kusini, aliona jinsi Makaburu walivyojificha kwa kuitumia ardhi yenyewe, na funzo hilo akalipeleka katika gofu. Vilima na mabonde aliyoyatengeneza yalionekana kana kwamba yaliumbwa na mvua na upepo.

Nia yake na Jones ilikuwa njema. Walitaka uwanja ambao bingwa ataumiza kichwa na mchezaji wa kawaida atafurahi. Kwa hiyo njia za nyasi zilifanywa pana na mashimo ya mchanga yakawa machache. Ugumu uliwekwa mwishoni, pale penye kishimo, kwenye nyasi fupi zenye miinuko inayoupotosha mpira. Kila kishimo kilipewa jina la mmea. Cha 12 ni kifupi, yadi 155 tu, lakini mbele yake kuna kijito, na upepo wa hapo hautabiriki. Mwaka 1980 Tom Weiskopf, mchezaji hodari, alihitaji mapigo 13 kukimaliza!

MacKenzie hakuyashuhudia matunda ya kazi yake. Alifariki Januari 1934, akiwa hajalipwa ujira wake wote. Miezi miwili baadaye yalifanyika mashindano ya kwanza, ambayo leo yanajulikana kama Masters.

Basi njia zilikuwa pana, lakini lango lilikuwa jembamba. Uanachama hauombwi, mtu hualikwa. Kwa miongo mingi weusi waliingia kwa kazi tu: kupika, kuhudumia mezani na kubeba mifuko ya fimbo. Hadi mwaka 1982 kila mshindani wa Masters alilazimika kumtumia mbeba mifuko wa klabu, nao wote walikuwa weusi. Hawa ndio walioujua uwanja kwa nyayo zao. Walijua mpira utakata kona wapi na upepo unadanganya wapi. Jack Nicklaus alipotwaa ushindi wake mitano ya kwanza hapo, kati ya 1963 na 1975, mfuko wake ulibebwa na Willie Peterson. Jina la Nicklaus linajulikana duniani kote. Je, la Peterson wanalijua wangapi?

Mchezaji mweusi wa kwanza kushindana katika Masters alikuwa Lee Elder, mwaka 1975, miaka 41 baada ya mashindano kuanza. Mwanachama mweusi wa kwanza alipokelewa mwaka 1990. Mwaka 1997 Tiger Woods, kijana wa miaka 21, alishinda kwa tofauti ya mapigo 12. Wanawake walisubiri hadi 2012, walipopokelewa Condoleezza Rice na Darla Moore. Mwaka 2021 Elder alialikwa kuwa mmoja wa wafunguzi wa heshima. Afya haikumruhusu kupiga mpira. Aliketi, akanyanyuka kupokea makofi. Alifariki Novemba mwaka huohuo.

Uzuri wa uwanja ule hauna shaka, wala hatuna sababu ya kuubeza. Lakini mzazi anapomwonyesha mwanawe jengo zuri au bustani ya kupendeza, asiishie kumtajia jina la mwenyewe. Amweleze pia ni nani aliyechimba, nani aliyebeba, na lango lilifunguliwa kwa nani.