Mtaalamu Kwanza, Mashine Baadaye

Wananchi wa Kibondo na Kasulu ni wakulima wa jembe la mkono. Nyuma ya mahindi na maharage ya nyanda hizo za Kigoma iko migongo iliyopinda, na magoti yasiyompa mwenyewe usingizi. Maumivu ya namna hii hayaui, na kwa kuwa hayaui, ni nadra kupewa nafasi katika ripoti. Mgonjwa hupewa vidonge akarudi shambani. Vikiisha hununua vingine dukani, na vingi katika hivyo, vikitumiwa muda mrefu, hudhuru tumbo na figo.

Kwa hiyo twaielewa shauku ya watu juu ya vile vimashine vya umeme vinavyobandikwa mwilini kutuliza maumivu. Wala hatuvidharau. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba katika uti wa mgongo upo mfano wa mlango: hisia ya kuguswa yaweza kuufunga, maumivu yasipite. Kila mama amsuguaye mwanawe aliyejikwaa alijua hayo zamani. Mashine hupeleka umeme dhaifu kwenye mishipa ya fahamu kupitia ngozini, na betri ndogo yatosha kuiendesha. Haikuhitaji kungoja gridi ya Taifa, iliyofika wilaya hizo mwaka 2022.

Lakini Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu sugu ya kiuno, likashauri mashine hizo zisiwe tiba ya kawaida ya maradhi hayo. Lilichopendekeza ni mgonjwa kuelimishwa na kupewa mazoezi yenye mpango. Mazoezi hayana mchuuzi wa kuyanadi sokoni. Pengine ndiyo sababu hayana mtetezi.

Wasomaji wetu wa Visiwani wasidhani haya ni ya Bara peke yake. Mvuta nyavu wa Pemba na mpalilia mihogo wa Kasulu wana kiuno kimoja.

Kwa wapangaji wa bajeti twasema hivi: fedha iliyotengwa kwa mashine na imwajiri kwanza mtaalamu wa tiba ya viungo. Chuo cha fani hiyo kipo KCMC, Moshi. Yeye ndiye ajuaye nani ajaribiwe kwa umeme, na nani asiguswe nao, kama vile mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo. Mashine ikitangulia kufika kabla yake, itafungiwa kabatini, na ufunguo atakaa nao mtunza stoo.