Ripoti za ajali za ndege za kijeshi tuzione

Bwana Mhariri,

Mimi ni rubani mstaafu wa jeshi, ninayeishi Takaungu. Usalama wa taifa ukijadiliwa siku hizi, nasikia habari za silaha na ndege mpya tu. Wanaozirusha hawatajwi, na hilo linaniudhi sana.

Aprili 18, 2024 tulimpoteza Mkuu wa Majeshi ya Kenya, Jenerali Francis Ogolla, mwenyewe rubani wa ndege za kivita, pamoja na wanajeshi wengine 9, helikopta ya jeshi ilipoanguka Sindar, Elgeyo Marakwet. Septemba 2023, nyingine ilikuwa imeanguka Lamu ikifanya doria ya usiku.

Ndege ya kiraia ikianguka, wachunguzi huandika ripoti, na marubani huisoma ili yasitokee tena. Ripoti za ajali za ndege za jeshi, raia hatuzioni kwa ukamilifu. Siri za vita naziheshimu, nilikula kiapo. Lakini uchovu wa rubani, kipuri chakavu au injini kuzima angani, magaidi wa Al-Shabaab watafaidi nini wakijua?

Juzi helikopta ilipita chini juu ya mkono wetu wa bahari ikielekea kaskazini. Jirani yangu, ambaye mwanawe ni mwanajeshi, aliacha kupaa samaki akaniuliza, "Kapteni, hizo wanazopanda watoto wetu ni nzima?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Naiomba Wizara ya Ulinzi itoe ripoti hizo, ifiche kinachostahili kufichwa tu, na Kamati ya Bunge ya Ulinzi izidai. Marubani wastaafu wenzangu, nanyi andikeni.

Rubani mstaafu,
Takaungu, Kilifi