Kifo Kisichohesabiwa Hakina Bajeti

Mwaka 1854, katika parokia ya St James jijini London, daktari John Snow alifuatilia vifo vya kipindupindu nyumba kwa nyumba hadi akaifikia pampu moja ya maji. Alianzia kwenye orodha ya msajili, kwani tangu mwaka 1837 Uingereza ilikuwa ikisajili vizazi na vifo kiserikali.

Sheria yetu ya usajili ina asili yake mwaka 1920. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 26 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamesajiliwa. Usajili wa vifo ni duni zaidi. Mwenye nyumba mjini na akaunti benki, warithi wake hufuata cheti cha kifo. Katika miteremko ya Uluguru, ambako ardhi ya ukoo hurithiwa kwa upande wa mama bila karatasi ya serikali, mfiwa anakifuatia nini? Hivyo daftari la dola huwakumbuka wenye mali na kuwasahau wakulima.

Morogoro inajua gharama ya usahaulifu huo. Kuanzia mwaka 1992, mradi wa AMMP chini ya Wizara ya Afya ulihesabu kaya na kuwahoji wafiwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalitisha: uwezekano wa mwanamume wa miaka 15 kufa kabla ya kutimiza 60 ulikuwa asilimia 58 Morogoro Vijijini, na 37 wilayani Hai. Kwa wanawake ulikuwa 48 na 26. Nchi moja, serikali moja.

Ikabainika pia kuwa malaria ilichukua takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea Morogoro, lakini ilitengewa asilimia 5 tu ya bajeti ya afya ya wilaya mwaka 1996. Bajeti ilifuata mazoea. Takwimu zilipowekwa mezani kupitia mradi wa TEHIP, halmashauri za Morogoro na Rufiji zilipanga upya fedha zao, na vifo vya watoto vikapungua.

Wapo wasemao tununue dawa kwanza, hesabu baadaye. Dawa ya ugonjwa gani, na ya kata ipi?

Mradi una ukomo. Wajibu wa dola hauna. Mtendaji wa kijiji akabidhiwe daftari la vifo na aliandike siku ya maziko, bila ada kwa mfiwa. Madiwani nao wasipitishe bajeti ya afya kabla ya kusomewa, kata kwa kata, idadi ya waliokufa na sababu zake.