Kuhamia uhandisi ukiwa chuoni: mlango upo, lakini ni mwembamba

Msimu wa udahili ukifika, vijana wa Bariadi, Maswa na Meatu hupewa ushauri ule ule: ingia kozi yoyote, uhandisi utahamia ukishafika. Ushauri huu umewagharimu wengi.

Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inaruhusu uhamisho, ila ndani ya muda inaoutangaza, na kozi unayoitaka iwe na nafasi. Kubwa zaidi, uwe na sifa za kozi hiyo. Kwa uhandisi, aliyemaliza kidato cha sita hudaiwa fizikia na hisabati. Mwenye HKL hata akihama vyuo vitano, haingii.

Njia inayodharauliwa ni stashahada ya uhandisi, miaka mitatu baada ya kidato cha nne, pale DIT, Mbeya au Chuo cha Ufundi Arusha. Ukipata GPA ya angalau 3.0, unaweza kuomba shahada. Ni ndefu, kweli, lakini inafika.

Mwenye mkopo ahakikishe Bodi ya Mikopo imearifiwa kuhusu uhamisho. Fedha zikikwama chuo cha zamani, ada itatafutwa nyumbani, na Novemba pamba imeshauzwa.