Eti Kazi ya Mzazi ni Karo

Ukitaka kumwona mkulima wa chai wa Merigi, huku Bomet, akiwa mkali, usimtafute kwenye mkutano wa siasa. Mfuate kituo cha majani saa tisa alasiri, gari la kiwanda limechelewa na mvua imeanza kukusanyika. Karani akisoma mizani haraka haraka, mama aliyeamka alfajiri kuchuna atamwambia arudishe gunia. Atainama atazame mwenyewe. Akikatwa kilo moja ambayo haielewi, kituo kizima kitajua. Bonasi ikitoka Oktoba, mama huyo huyo aliyeachia shule darasa la nne ataketi na karatasi yake ya malipo na kukwambia mbolea imekata ngapi, mkopo umekata ngapi, na kiwanda cha jirani kimelipa shilingi ngapi kwa kilo. Mwaka 2025 bonasi ilipoporomoka, wakulima wa Bomet na Kericho hawakungoja mchumi awaeleze. Walipiga hesabu wenyewe, wakaingia barabarani.

Sasa mfuate shuleni kwa mwanawe. Ameketi safu ya nyuma kwenye mkutano wa wazazi, mikono mapajani, kimya. Muulize mtoto wake anasoma masomo gani. Atakujibu, "Hayo ni ya walimu. Mimi kazi yangu ni karo."

Nimeisikia kauli hiyo tangu nikiwa mtoto. Husemwa kwa unyenyekevu, na hapo ndipo inapopata nguvu, kwa kuwa nani atambishia mtu anayejishusha? Nambishia mimi. Na kabla sijaendelea niseme wazi kwamba sizungumzii wazazi wa watu. Nazungumzia ukoo wangu.

Januari 2026, matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yalipotoka, mtoto wa kaka yangu alipata B. Kwetu B si jambo la kunong'ona. Mursik ilitolewa, majirani wakaja na sukari, mchungaji akaomba sala ndefu kuliko mahubiri yake. Kijana mwenyewe alikuwa na neno moja tu mdomoni: uhandisi wa umeme. Tangu stima ifike kwenye kilima chetu, yeye ndiye anayeitwa nyumba hii na ile swichi ikigoma. Alipokwenda saiba mjini Bomet kuomba nafasi kupitia KUCCPS, shirika linalowapanga wanafunzi vyuoni, mtandao ulimkataa. Uhandisi unataka Fizikia. Yeye Fizikia aliiacha mwishoni mwa kidato cha pili, akachukua Historia.

Fikiria hilo kidogo. Alikuwa na B. Angekuwa na A, jibu lingekuwa lile lile. Mlango ulifungwa Novemba 2023, miaka miwili kabla ya mtihani, wala haukufungwa na Baraza la Mitihani. Ulifungwa na karatasi moja ya kuchagua masomo iliyoletwa nyumbani ikihitaji saini ya mzazi. Kaka yangu aliitia saini akiwa ameiegemeza juu ya gunia la majani, mkono mmoja ukiwa bado una utomvu. "Nilidhani ni ya karo," aliniambia.

Kwa nini kijana aliiacha Fizikia? Mwalimu wa somo hilo alikuwa amehama, darasa likakaa karibu mihula miwili bila mwingine. Kisha wale waliokuwa na alama za chini wakaambiwa waziwazi kwamba wangeangusha wastani wa shule. Shule sitaitaja. Tabia hii si ya shule moja.

Na hapa ndipo kauli ya "hayo ni ya walimu" inapovunjika. Mimi nina walimu wengi nyumbani na nawaheshimu. Lakini mwalimu mkuu hupimwa kwa wastani. Wastani ukipanda, picha yake hutoka gazetini akiwa amebebwa juu juu. Ukishuka, wazazi hao hao walio kimya mkutanini hufika na matawi kumtaka ahamishwe. Mtu aliye kwenye hali hiyo, ukimwachia peke yake uamuzi wa kama mwanao mwenye D ya Fizikia aendelee nayo au aiache, atakupa ushauri unaoifaa shule. Huenda ukamfaa na mtoto pia. Huenda usimfae. Karani wa mizani naye si mwizi, na bado hatumwachii asome mizani peke yake.

Imani ya karo ina ndugu yake, nayo ni imani ya C+. Kila mzazi wa huku anajua C+ ndiyo ya chuo kikuu. Wachache wanajua C+ ni nini. Ni pointi 46 hadi 52 kati ya 84, zinazotokana na masomo saba, na tangu 2023 hesabu huchukua Hisabati, lugha moja, halafu masomo matano mengine aliyofanya vizuri zaidi. Utaratibu huo umewainua wengi, na ni vyema. Lakini C+ ni uzito wa gunia tu. KUCCPS hulifungua gunia itazame ndani kuna nini, ni majani mawili na chipukizi au ni majani makuukuu yaliyojazwa ili mizani ipande. Kwa kila kozi huangalia masomo manne yanayohusika na kozi hiyo, ikayapima pamoja na jumla ya pointi, ndipo ikapanga nani anaingia na nani anabaki. Ndiyo maana vijana wawili wa kilima kimoja, wote C+, mmoja anakwenda Kabianga kusomea ualimu wa sayansi na mwenzake anapelekwa kwenye kozi asiyoweza hata kulitamka jina lake. Halafu tunasema ni bahati.

Na hao ni waliofika C+. Mwaka 2024 walikuwa 246,391 nchi nzima, kama robo ya watahiniwa. Robo tatu zilizobaki tunazipa pole, jambo ambalo ni aibu, maana diploma ya vyuo vya kiufundi huanzia C-, kozi za cheti huanzia D, na chuo cha Sot kiko Bomet hapa hapa, wala hakihitaji harambee ya kumpeleka mtu Nairobi. KMTC nayo, ile ya mafunzo ya tiba yenye kampasi Kapkatet, hupokea wa C kwa diploma. Lakini nako huko hawaangalii wastani peke yake. Wanaotaka uuguzi huulizwa Biolojia, huulizwa lugha. Nimeona msichana wa C safi akikosa nafasi kwa sababu ya somo moja ambalo nyumbani kwao hakuna aliyejua lina kazi gani. Mamake alikuwa amelipa karo yote, hadi shilingi ya mwisho, na risiti anazo kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro.

Najua jibu litakalokuja. "Wewe umesoma, unasema. Sisi hatukusoma, tutajuaje mambo ya Fizikia?" Hakuna anayekutaka ujue Fizikia. Hujui kemia ya mbolea pia, lakini unajua kuuliza kwa nini imekatwa mara mbili. Ukienda mkutano wa wazazi, mwalimu mkuu akimaliza ajenda ya kwanza ambayo ni karo, na ya pili ambayo ni basi, na ya tatu ambayo ni bei ya maharagwe, simama uulize: waliopata C+ mwaka jana walikwenda wapi, kila mmoja na kozi yake? Somo gani halina mwalimu muhula huu? Mwanangu akiacha somo hili, ni kozi zipi hataweza tena kuziomba? Uliza kwa Kipsigis. Hakuna sheria inayokataza. Tatizo ni kwamba mikutano yetu huendeshwa kwa Kiingereza kuanzia sala ya kufungua, na kinachotafsiriwa kwa ukamilifu, senti kwa senti, ni karo. Nani basi aliyemfundisha mzazi kwamba karo ndiyo kazi yake?

Kwa hiyo siwalaumu wazazi peke yao, na wale wanaoandika magazetini kwamba wazazi wa mashambani ni wavivu wanaweza kuja kuchuna nasi Jumatatu moja tuzungumze vizuri. Lakini kutolaumu si sawa na kuendelea kubembeleza imani mbovu. Tumeibembeleza mno.

Wengine watasema hayo ni mambo ya 8-4-4, na 8-4-4 inakufa. Kweli, KCSE ya mwisho itafanywa 2027. Ila mfumo mpya haukuondoa ile karatasi. Umeileta mapema zaidi na kuifanya nzito zaidi. Zamani mtoto alichagua masomo akiwa kidato cha pili. Sasa anachagua mkondo akiwa Gredi ya 9, ana miaka 14 au 15: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, au Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Kundi la kwanza mwaka 2025 lilitakiwa kuchagua shule 12, tisa za bweni na tatu za kutwa, pamoja na mchanganyiko wa masomo matatu ya hiari. Si kila shule ya sekondari pevu ina mikondo yote mitatu. Kwa hiyo anayechagua shule kwa sababu binamu alisoma huko, au kwa sababu sare yake inapendeza, huenda amechagua mkondo bila kujua amechagua.

Kisha kuna Hisabati. Mwanzoni serikali ilikuwa imeiondoa kwenye masomo ya lazima, watu wakapiga kelele, ikarudishwa mwaka 2025. Ikarudi ikiwa mbili. Wa mkondo wa sayansi wanasoma ile iitwayo Core, wengine wanasoma nyepesi iitwayo Essential. Mtoto akirudi nyumbani akasema "baba, nimechagua hisabati rahisi," baba atafurahi. Mimi ningevuta kiti nikae. Urahisi huo una bei, nayo hailipwi mwaka huo.

Hata alama za kumpeleka sekondari pevu hazitoki tena kwenye wiki moja ya mtihani. Asilimia 60 ni ya KJSEA anayofanya Gredi ya 9. Asilimia 20 ilikwisha kupatikana kwenye KPSEA akiwa Gredi ya 6, na 20 nyingine ni ya kazi za darasani za Gredi ya 7 na 8. Mzazi anayengoja mwaka wa mwisho ili aanze kufuatilia amekuta asilimia 40 imekwisha kupimwa, gari limeondoka, na yeye bado anafunga gunia.

Fedha za chuo ni hadithi nyingine, nitaipitia kwa haraka kwa kuwa imefikishwa mahakamani na kila mwaka ina sura mpya. Tangu 2023 mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma hupangwa kwenye daraja kulingana na uwezo wa nyumbani kwao, na daraja hilo ndilo linaloamua atapata ufadhili kiasi gani, mkopo kiasi gani, na nyumbani walipe kiasi gani. Fomu inauliza habari za mzazi. Kipato, ndugu wangapi wanasoma, mnaishi kwenye nini. Nani anaijaza? Mara nyingi ni kijana wa saiba, ambaye hajui kama una miche mia tatu ya chai au elfu kumi, na nyuma yako foleni inamngoja. Amekuwa ndiye mshauri wetu wa masomo na wa fedha, kwa malipo ya kuchapisha kurasa. Halafu familia ya mchuna chai inapangwa daraja moja na familia yenye duka, na hakuna anayekata rufaa, ingawa nafasi ya rufaa ipo, kwa kuwa tena hayo ni ya wenye kusoma.

Tuna mahali pa kuyazungumza haya, na si lazima tungoje semina ya wizara. Baraza la chifu lipo. Kanisa la AGC lipo, na baada ya ibada watu hawana haraka. Kokwet ipo, ambayo imeamua mipaka ya mashamba na ugomvi wa ng'ombe kabla shule ya kwanza haijajengwa huku. Na kituo cha majani kipo kila siku ya kuchuna, watu arobaini wameketi juu ya magunia wakingoja gari ambalo daima huchelewa. Mwalimu mmoja mstaafu, saa moja, kwa Kipsigis, angeweza kuwaeleza watu hawa mikondo mitatu wakaielewa kuliko walivyoelewa tangazo lolote la redio.

Mtoto wa kaka yangu ameomba kozi ya takwimu. Huenda akaipenda. Bado anaitwa swichi ikigoma.

Juma lililopita kaka alinitumia picha kwenye simu. Hakuwa amewahi kunitumia picha ambayo si ya ng'ombe. Ilikuwa karatasi kutoka shuleni kwa binti yake wa Gredi ya 9, imelazwa juu ya gunia kama ile ya kwanza, na pembeni ina doa la utomvu. Mahali pa saini palikuwa patupu. Chini alikuwa ameandika: "Kabla sijaweka. Hii Essential ndiyo gani?"